UZI: Mayai ya kutotolesha yaliyokuja kwa basi, kutoka kwenye buti mpaka kifaranga (Arusha na Moshi)

#1 Tengeru_Kuku

Wakuu, salaam kwenu.

Watu wanaagiza trei za mayai ya kuku aina ya kuchi, Kuroiler na Brahma, na ya kanga, kutoka Dar, Dodoma na hata Mbeya. Mayai yanashushwa stendi, yanaingizwa kwenye mashine jioni hiyohiyo, siku ya 21 yanatoka vifaranga watatu. Lawama zote zinamwendea jogoo. Mara nyingi jogoo hana kosa. Kilichoharibika ni mfuko wa hewa, na baada ya hapo mtunzaji akaua yai kwa haraka yake. Naweka hapa utaratibu mzima, wenye kujua zaidi waongeze.

Yai lina ngozi mbili nyembamba chini ya ganda. Kwenye ncha butu ngozi hizo zinaachana na kuacha nafasi ya hewa. Hapo ndipo kifaranga atavuta pumzi yake ya kwanza, kabla hajadonoa ganda. Yai likitikiswa kwa saa 10 au 12 barabarani, ngozi ya ndani inalegea na ule mfuko unaanza kutembea. Kiini nacho kimeshikiliwa na kamba mbili za ute, na zenyewe zinachoka.

Ukipokea boksi, usiwashe mashine ukaweka. Anza hivi.

Fungua ukiwa umeketi na tochi ya simu. Chumba kiwe giza. Kata kipande cha boksi, kitoboe tundu dogo kuliko yai, kiweke juu ya tochi ili mwanga usitoke pembeni. Mulika ncha butu na uliinamishe yai polepole, kama unavyoinamisha kikombe kilichojaa chai. Utaona moja ya hali tatu:

Mfuko umetulia, ukiinamisha hausogei. Hilo ni yai zima.

Mfuko unashuka upande mmoja au pande mbili, umekaa kama tandiko la punda. Limetikiswa, lakini bado lina nafasi nzuri.

Povu linazunguka yai zima, ukiligeuza linapanda juu kama kwenye chupa ya maji. Mfuko umeng'oka. Usilitupe. Liandike alama na ulitenge.

Chora mpaka wa mfuko kwa penseli. Usitumie kalamu ya wino mzito, ganda linapitisha hewa. Kisha panga mayai yote ncha butu juu, ncha kali chini, kwenye trei ya karatasi. Yaache hivyo saa 24, chumba chenye nyuzi 16 hadi 20, mbali na jua. Ute unatulia, kiini kinarudi katikati, na mfuko mara nyingi unapanda kurudi mahali pake. Friji ya jikoni haifai, ina nyuzi kama 4, kiinitete kinakufa.

Yenye kinyesi kikavu, kwangua kwa kitambaa kikavu au msasa laini. Usioshe. Ganda lina utando wa asili unaoziba vitundu, na maji baridi yanafanya yai livute uchafu ndani. Lililochafuka sana liache nje ya mashine kabisa, maana likioza na kupasuka siku ya 15 linaharibu trei nzima.

Umri nao uhesabu tangu yalipotagwa, siyo tangu uliyapokea. Hadi siku 7 uko salama. Baada ya hapo kila siku inakula sehemu ya matumaini yako.

#2 DadaNjiro

Asante sana kaka, hii nilikuwa naitafuta. Mashine yangu ni ya mayai 48, inageuza yenyewe kila saa mbili. Nikishayapumzisha saa 24, naiacha igeuze kuanzia siku ya kwanza? Na joto niweke ngapi, maelekezo ya kwenye boksi ni ya Kichina.

#3 Tengeru_Kuku

Dada, kama ina feni weka 37.5. Kama haina feni, hewa ya juu ni ya moto kuliko ya chini, hivyo pima usawa wa mgongo wa yai na uweke 38.5.

Lakini usiamini namba ya kwenye kioo cha mashine. Chukua kipimajoto cha homa cha duka la dawa, kile cha kidijitali kinachoonyesha sehemu ya kumi. Jaza kikombe maji ya uvuguvugu yanayosoma karibu 37.5 kwa kipimajoto hicho, tumbukiza na ncha ya kipimajoto chako kidogo cha mashine, koroga, linganisha. Kikisoma 38.2 wakati cha homa kinasoma 37.5, unajua kinazidisha 0.7. Andika tofauti hiyo kwa penseli kwenye mfuniko wa mashine. Tofauti ya nyuzi moja kwa siku 21 inatosha kukuletea vifaranga wenye vitovu vibichi.

Kuhusu kugeuza, zima mota. Siku 3 za kwanza mayai ya safari yasimame tu, ncha butu juu.

#4 FundiBoksi

Mkuu Tengeru, hapo naomba tuelewane vizuri, maana kuna watu wakisikia "usigeuze" wanaacha mpaka siku ya 10.

Kugeuza kuna kazi yake. Kiinitete ni chepesi, kinaelea juu ya kiini. Kisipogeuzwa kinagusa ngozi ya ganda na kugandia pale. Pia mishipa ya damu haitandazi vizuri, na ute haunyonywi. Siku zenye uzito mkubwa ni ya 3 mpaka ya 7. Kwa hiyo yenye mfuko uliotulia, baada ya saa 48 anza kugeuza. Yenye tandiko la punda, subiri siku ya 3 au ya 4. Yale ya povu, siku ya 5 ndiyo mwisho wa kusubiri. Ukipita hapo unaokoa mfuko na kuua kiinitete.

Na kugeuza kwa mayai ya safari kuwe kwa kuinamisha, siyo kuviringisha. Mashine zenye rola zinazolaza yai na kulizungusha hazifai hapa. Toa rola, weka trei ya karatasi ya mayai 30 iliyokatwa kutoshea, toboa kila kikombe chini tundu la upana wa kidole ili hewa ipite. Halafu weka kipande cha mbao chini ya upande mmoja mpaka trei isimame nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45. Leo asubuhi kushoto, mchana kulia, usiku kushoto; kesho asubuhi anza na kulia. Mara tatu au tano kwa siku, namba witiri, ili yai lisilale usiku wote upande uleule kila siku.

Ukikata trei, acha vidole viwili pembeni mwa mashine. Nimeona swali hili mara nyingi: feni inavuma lakini mayai ya katikati ni ya baridi. Trei imeziba njia ya hewa.

#5 Tengeru_Kuku

Nakubali. Saa 48 kwa yaliyotulia ni sahihi zaidi.

#6 Mzani_Kwanza

Naona watu wamekazania joto, lakini mayai mengi ya kutoka pwani yanafia Arusha kwa sababu ya unyevu, na hili halimo kwenye karatasi ya mashine.

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar. Ndiyo maana maji yanachemka kama nyuzi 95 badala ya 100, na maharage yanachelewa kuiva. Kwenye hewa nyepesi mvuke unapita kwenye vitundu vya ganda kwa haraka zaidi. Yai lililotagwa Kigamboni limeumbwa na kuku aliyezoea hewa nzito. Ukiliweka hapa kwa unyevu uleule ambao muuzaji anatumia kule, linakauka zaidi. Moshi mjini tofauti ni ndogo, wako chini yetu kwa mita mia tano hivi. Lakini mtu wa Kibosho au Machame juu ajihesabu pamoja na sisi.

Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji "wewe unaweka unyevu ngapi" na kunakili namba yake, unanakili hali ya hewa ya kwake. Tumia mzani.

Yai la kuku linatakiwa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake kati ya kuwekwa na siku ya 18. Hiyo ni maji yanayotoka na kuacha nafasi ya hewa ya kupumulia. Mfano halisi: mayai 10 yana gramu 560 siku ya kuweka (toa uzito wa trei). Asilimia 12 ni gramu 67. Basi:

siku ya 7 yawe karibu 534
siku ya 14 karibu 508
siku ya 18 karibu 493

Ukikuta siku ya 7 yana 525, yamepoteza gramu 35. Kwa mwendo huo siku ya 18 yatakuwa yamepoteza asilimia 16. Ongeza unyevu. Ukikuta 545, yamepoteza 15 tu, mwendo huo unaishia kwenye asilimia 7 na kifaranga atazama kwenye maji yake mwenyewe. Punguza.

Unyevu unaongezwa kwa upana wa maji, siyo kina. Sahani pana yenye maji ya sentimita moja inatoa mvuke kuliko kopo refu lililojaa. Ukitaka zaidi, simamisha kipande cha sponji ndani ya sahani. Ukitaka kupunguza, badilisha na kifuniko cha chupa. Kwa kuanzia hapa Arusha weka asilimia 50, halafu mzani ukuelekeze. Kwa Moshi anza na 45. Siku tatu za mwisho, 65 hadi 70 kote.

Jambo moja linalowachanganya watu: siku ya 7 ukitoa mayai tupu, hesabu ya jumla inavurugika. Andika uzito wa kila yai kwa penseli kwenye ganda lake tangu siku ya kwanza. Ukilitoa, unatoa na uzito wake wa kuanzia, kisha unapiga asilimia upya kwa yaliyobaki. Mzani wa jikoni wa gramu moja unatosha kwa kupima mayai kumi pamoja. Kwa yai mojamoja tafuta ule mdogo wa kupimia vito.

Kipima unyevu nacho kijaribiwe. Kifuniko cha soda kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, siyo ielee. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 68, ongeza 7 kwenye kila namba utakayoiona.

#7 MamaKware_Moshi

Mzani_Kwanza umesema kweli tupu. Niongeze ya huku kwetu.

Moshi shida yetu siyo hewa nyepesi, ni joto la Januari mpaka Machi. Kiinitete kinaanza kukua polepole chumba kikipita nyuzi 20 au 21, na hakifanyi hivyo vizuri, kinadhoofika. Mayai yanapita Mombo na Same mchana ndani ya buti, yanafika stendi yameshaanza kuamka, halafu yanalala chumba chenye nyuzi 29. Kwa miezi hiyo agiza basi la usiku. Pumzisha mayai kwenye sakafu ya saruji, chumba cha ndani kisichopigwa jua, trei ifunikwe na kitambaa chepesi. Yaliyofika yamepata joto usiyapumzishe zaidi ya saa 12.

Arusha mwezi wa saba ni kinyume. Yai linafika baridi, ukiliingiza moja kwa moja kwenye nyuzi 37 linatoa jasho, na jasho linaingiza vijidudu. Liache chumba cha kawaida saa 4 hadi 6 lipashe kwanza.

Siku za kila ndege, maana watu wanachanganya kwenye mashine moja: kware 17 hadi 18, kuku 21, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, bata wetu wa kienyeji wale wenye uso mwekundu 35. Kuacha kugeuza ni siku tatu kabla. Mkitaka watoke siku moja, anzeni na wa siku nyingi na kuongeza wengine baadaye, ila msiweke mayai mapya ya safari kwenye mashine ambayo inakaribia kutoa. Unyevu wa 70 unaohitajika kwa wale unawaharibia hawa.

Kware hawamulikiki vizuri kwa sababu ya madoa ya ganda. Pima uzito wa mayai 30 kwa pamoja, yai moja lina gramu 10 hadi 12 tu.

#8 DadaNjiro

Shikamoo mama, asante. Na umeme ukikatika usiku? Wengine wanasema nifungue mfuniko, wengine nifunike blanketi.

#9 FundiBoksi

Dada, inategemea siku.

Wiki ya kwanza na ya pili mayai hayajitengenezei joto la maana. Funga matundu nusu, funika blanketi, usifungue. Mashine ya foam au ya mbao yenye chupa mbili za lita moja na nusu za maji ya moto ndani (yasiguse mayai) inakaa saa kadhaa. Mayai yakishuka hadi nyuzi 28 au 30 kwa saa 4, yatachelewa kutoka, wengi hawafi.

Siku ya 16 kwenda juu mayai yanatoa joto lenyewe na yanavuta hewa nyingi. Ukiyafunika kabisa unayakosesha pumzi. Hapo funika, lakini matundu yawe wazi.

Baridi inachelewesha, joto linaua. Umeme ukirudi na themostati ikapitiliza hadi 40, hasara yake ni kubwa kuliko saa tatu za giza. Kama unatumia themostati ya W1209 au STC-1000, hakikisha sensa iko usawa wa mayai na haigusi balbu wala ukuta. Tofauti ya kuwaka na kuzima iwe 0.2 au 0.3. Na balbu ziwe za waya, LED hazitoi joto la kutosha.

Betri: mashine ya mayai 48 ya foam hutumia wastani wa wati 40 hadi 60 kwa usiku wa baridi. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina kama wati-saa 1,200. Tumia nusu tu ili isife mapema, inabaki 600. Inveta inakula sehemu yake, chukulia 500. Gawa kwa 60, unapata saa 8.

#10 Trei30

Nauza mayai, niseme upande wa muuzaji.

Ufungaji mzuri ni huu. Kila yai lizungushiwe karatasi laini, ncha kali chini, kwenye trei ya karatasi. Trei nyingine tupu juu yake, zifungwe kwa kamba pande mbili. Ziingie kwenye boksi lenye sentimita tano za maranda ya mbao chini, pembeni na juu. Maranda, siyo vumbi la mbao, vumbi linashindiliwa njiani na yai linagusa ukuta wa boksi. Usifunge na nailoni isiyopitisha hewa. Andika pande zote MAYAI YA KUTOTOLESHA, USIGEUZE, na mpe karani wa vifurushi mkononi ukimwelekeza yakae juu ya mizigo, mbali na injini.

Muulizeni muuzaji mambo mawili kabla ya kutuma hela. Mayai yametagwa lini. Na je, kundi lake limewahi kuwa na kuhara nyeupe, homa ya matumbo ya kuku au mafua sugu. Magonjwa hayo yanapita ndani ya yai, hakuna kusafisha ganda kutakakoyatoa.

Na kuondoa ugomvi: muuzaji abaki na mayai 6 ya siku ileile, ayatotoleshe kwake. Yakitoa 5 kule na wewe hukupata kitu, safari au mashine ndiyo yenye majibu. Yakitoa 1, tatizo ni jogoo au lishe.

#11 Mwanachama_Rau

Wakuu, swali la haraka. Mayai yalikuwa ya tandiko la punda, leo siku ya 21 saa 3 asubuhi. Mawili yamedonolewa tangu jana mchana, jingine la tatu limetobolewa upande wa ncha kali. Hakuna kinachoendelea. Nifungue?

#12 Tengeru_Kuku

Mkuu, kwa yale mawili bado. Kati ya kudonoa na kutoka ni saa 12 hadi 24, kwa mayai ya safari hata zaidi kidogo, na muda huo kifaranga ananyonya kiini na damu ya ngozi inarudi mwilini. Ukifungua mfuniko sasa, unyevu unashuka na ngozi inamkausha kama karatasi iliyogandia. Subiri mpaka mchana huu. Kama tundu halijapanuka, lakini ngozi inaonekana nyeupe na anapiga kelele, hamishia chumba chenye mvuke (bafu lenye beseni la maji ya moto), lowesha ngozi kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, banjua ganda pembeni mwa tundu kwa kibano, vipande vidogo. Ukiona mshipa mwekundu au tone la damu, acha hapohapo, rudisha kwenye mashine, ngoja saa 4.

Hili la ncha kali ni tofauti. Kifaranga amegeuka kichwa chini, mfuko wa hewa uko miguuni kwake. Hutokea sana kwa yai ambalo mfuko ulihama. Hakikisha tundu liko wazi apumue, lilaze yai tundu likiangalia juu, halafu fuata utaratibu uleule. Usimvute.

Watakaotoka waache ndani mpaka wakauke, wana kiini tumboni cha kuwatosha saa 48 na zaidi. Kisha bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) nyuzi 33 hadi 35, maji kwanza, chakula baadaye.

Yasiyotoka kufika siku ya 23, yapasue moja moja nje, kwa upande wa ncha butu. Yai la wazi lisilo na damu, tazama doa jeupe juu ya kiini kabla hujasema ni tupu: doa dogo lililojaa lisilo na mpangilio, halikurutubishwa. Doa kubwa lenye duara kama pete, lilirutubishwa na likafa kabla au mwanzoni kabisa, mara nyingi safarini au kwa joto la njiani. Baada ya siku 21 za joto doa hilo huwa limeharibika, ndiyo maana ni vizuri kupasua yale ya wazi siku ya 7 ukiyatoa. Pete ya damu, kifo cha siku ya 2 hadi ya 4: joto lilipanda au yai lilikuwa la zamani. Kifaranga mzima mwenye maji mengi, mzani wako ulisema mapema. Kifaranga mzima mkavu, amebanwa na ngozi, mzani ulisema pia. Mwenye kiini kikubwa nje ya tumbo, angalia joto.

Andika namba ya kila yai na ulichokikuta, uweke pamoja na ile alama ya mfuko wa hewa uliyochora siku ya kwanza. Trei30 atataka kuona karatasi hiyo kabla hajakutumia nyingine.